Nafasi ya Unywele Mmoja

Kwako Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la unga kimekuachia upumue. Sisi huku hatujambo. Baba anakusalimu sana. Mguu wake umepona, ila macho ndiyo yameaga kabisa. Mimi ananitambua kwa kupiga chafya, na wageni anawatambua kwa mlio wa viatu vyao. Ulimi lakini hauna ugonjwa wowote. Juzi jirani yetu fundi rangi alikuja kumjulia hali, akasema anamwona mzee amepata nafuu kidogo. Baba akamuuliza ni kidogo cha kucha au cha karatasi.

Najua hapo umecheka. Neno "kidogo" lilikuwa haramu katika karakana ile. Kilichozidi kilizidi kucha, au karatasi, au unywele, na chini ya unywele hakukuwa na kitu. Ukimwambia imebaki kiduchu, alikutuma ukaulize sokoni, eti huko ndiko wanakouza neno hilo. Unakumbuka siku ubao mkubwa ulipoteleza ukapita kando ya sikio langu? Mimi nililia kwamba nimeponea chupuchupu, mama akasema nusura afiwe, na baba akapima kwa jicho akatangaza kuwa ni kucha mbili. Kisha akaenda nyuma ya karakana akatapika.

Karakana inaendelea. Benchi la mbele, lile la dirishani, bado ninalitumia mimi. Wateja wananisifu, na kila wanaponisifu natafuta kitu cha kuokota chini. Barua yako ya mwisho ninayo hapa. Uliandika kwamba mlango wa chumba chenu ulikuwa unakwama ukamwita fundi aje aurekebishe, kwa sababu mkono wako haukuumbiwa mbao. Uliandika kama mzaha. Sentensi hiyo nimeisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo.

Nakuomba uvumilie nirudi kwenye siku ile ya kabati. Baba alisema kila mmoja wetu atengeneze droo moja, wewe ya juu, mimi ya chini, na atakayefaulu atapewa benchi la mbele na kuisimamia karakana baada yake. Kipimo kilikuwa kilekile chake cha siku zote, unywele wa mama aliouhifadhi ndani ya kiberiti. Aliupitisha kati ya droo na fremu. Ukikatika, droo imebana. Ukianguka wenyewe, imelegea. Unatakiwa ukae pale, na ukiuvuta ukufuate.

Kwenye droo yangu ulikaa. Kwenye yako ulianguka. Baba aliurudisha mara tatu, na mara zote tatu tuliutazama ukishuka mpaka sakafuni. Hukubisha. Uliitazama mikono yako mbele na nyuma, ukaifuta kwenye aproni, ukaning'iniza aproni msumarini. Wiki iliyofuata ukaondoka, ukaingia kiwanda cha mikate, na miaka kumi na tisa sasa hujashika randa.

Wiki iliyopita baba alikuwa anatafuta dawa zake kwenye kabati hilo. Aliivuta droo ya juu kwa nguvu ikachomoka yote ikamwangukia mapajani. Niliposikia kishindo nikakimbia, nikamkuta hajaumia, ameketi kitandani anapapasa ubavu wa droo. Nta uliyoipaka imekwisha siku nyingi. Alipitisha kidole kwenda mbele, akakirudisha nyuma, akaenda tena. Akaniambia kwamba wewe ulikuwa unapiga randa kutoka mbele kwenda nyuma, ukifuata nyuzi za ubao, na ubavu huu mtu amepita mara moja akitokea nyuma. Nyuzi zimesimama. Katika karakana yetu, akasema, ni mtu mmoja tu aliyegeuza benchi lake kwa sababu ya mkono wake wa kushoto.

Akaniomba nimpe mkono huo, akaushika muda mrefu.

Kaka, ni mimi. Mchana ule ulipokwenda bombani kunawa, niliijaribu droo yako nikaikuta haina kasoro. Yangu pia ilikuwa nzuri, lakini yako uliifunga na hewa ikaisukuma ya chini ikafunguka yenyewe, kama zile droo za mafundi wakuu ambazo baba alikuwa akituhadithia. Nilikuonea wivu. Nilichoka kuwa yule anayegeuziwa benchi, anayechekwa na wateja kabla hawajaona kazi yake. Nikaibana droo yako kwenye jiliwa, nikapitisha randa mara moja tu. Uliporudi ukiwa unapuliza mluzi, ilikuwa imesharudi mahali pake. Nilidhani baba angekuonya tu, na mwaka unaofuata angekupa nafasi nyingine. Sikujua kwamba utaamini mkono wako haufai. Nilipoona umeamini, niliogopa, na kila mwaka uliopita ulinizidishia woga.

Baba hajanigombeza. Laiti angenigombeza. Tangu siku hiyo hanitanii, ananishukuru kwa chakula kama anavyomshukuru mgeni. Aliniagiza jambo moja tu, nikuandikie, na niandike kwa mkono uleule. Droo ya juu iko mezani kwake, na kabati lina pengo. Nilitaka kuirudisha akanizuia, akasema inamngoja mwenyewe. Njoo, Kaka. Usije kwa ajili yangu, sistahili. Njoo yeye angali anaweza kukitambua kiatu chako mlangoni. Benchi la mbele nimelisafisha na kulihama, na wateja nimewaambia kwamba fundi wake yuko njiani. Usipokuja litakaa wazi, mimi sitalirudia.

Nisalimie shemeji, na watoto uwaambie wana baba mdogo ambaye hawajamjua vizuri. Majirani wote wanakuulizia, hata fundi rangi.

Unapoifungua bahasha, fungua polepole. Ndani ya kipande cha gazeti utakuta ganda jembamba la mbao lililojikunja, unaona mwanga kupitia kwake. Nililiokota mchana ule chini ya jiliwa nikalificha ndani ya kiberiti changu mwenyewe, na tangu hapo sijapata ujasiri wa kulitupa. Unene wake ni unywele mmoja. Limetoka kwenye ubavu wa droo yako. Mikono yako haikukosea.

Ni mimi mdogo wako,
Shoto