Kwetu ni Kwa Ngusa

Kwa Ngusa,
Njia ya Nyarugusu,
Geita.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Pantaleo,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani kwako Ushirombo, unatazama malori ya Isaka yakielekea Rwanda, na ule mguu uwe umepoa. Mimi na mjukuu wako Vaileth ni mhola duhu, wazima kabisa. Hatuna la kulalamika ila vumbi, na vumbi la huku umeshasikia sifa zake.

Najua anayekusomea ni mkweo Agnetha. Wifi, nakuomba usiruke mstari na usilainishe neno. Simu ninayo, Baba, lakini wewe mwenyewe husema maneno ya simu hupeperuka kabla mtu hajayatafuna. Haya ninayoleta nataka uyatafune.

Kwanza nikuchokoze kidogo. Nimesikia Padre alipokuuliza mkoa wako bado umemjibu Shinyanga. Miaka yote hii tangu Bukombe yetu itolewe Shinyanga na kutiwa kwenye Mkoa mpya wa Geita, wewe hujahama! Ulisema mkoa hauwezi kuzaliwa mezani kama chapati. Mimi nimeona jinsi mahali panavyozaliwa, na ndiyo habari yenyewe.

Unajua nilivyokuja huku baada ya kuachana na baba yake Vaileth. Ulinikataza, ukisema machimboni hakuna ukoo wala adabu. Sikubishi, siku za mwanzo palikuwa hivyo. Ngusa alikuwa mfugaji tu, akichimba kisima cha kunyweshea ng'ombe wake, akakutana na jiwe linalong'aa. Kabla hajamaliza kushangaa, kilima kizima kilikuwa kimejaa watu. Waliitikia rashi, ile mbio ya kukimbilia dhahabu, kutoka kila upande: Wasukuma wenzako, Wasumbwa wa kina Mama, Wazinza, Waha wa Kasulu, Wakurya. Walichimba maduara, yale mashimo ya dhahabu, wakaweka karasha za kusaga mawe, wakatengeneza mwalo wa kuoshea mchanga wake. Mimi nikainjika sufuria.

Baba, ungeona sasa ungevua kofia. Hatukuletewa sheria na mtu, tumejitungia wenyewe. Mpaka wa duara ukigombewa, unaamuliwa mbele ya watu wote, na aliyeshindwa anapewa chai ya kwanza ili asinune. Duara likititia, kilima kizima kinasimama, hakuna anayegonga jiwe lake mpaka waliofukiwa wapatikane. Na msidhani tunakula dhahabu. Mchele wangu unatoka Kahama, samaki ziwani, mananasi yanatoka hapa hapa Geita, na asali ninayouza inatoka misitu yetu ya Bukombe. Mchimbaji anamlisha mkulima, mkulima anamlisha mchimbaji, na katikati yao nimesimama mimi na mwiko. Najivunia, sikufichi.

Kilichotukosesha raha ni kwamba kwa serikali tulikuwa kitongoji tu cha kijiji jirani. Watoto wetu walikwenda kusoma huko, wakivuka barabara inayopita malori ya mawe. Vaileth akichelewa kurudi, chakula kilikuwa kinaungua jikoni nami nimesimama njiani. Tukaomba tuwe kijiji, tupate shule yetu.

Basi akaja afisa kutoka wilayani kutuhakiki. Watu waliacha kazi, wakaoga, wakavaa mashati ya kanisani. Afisa akamwambia kila mtu asimame ataje jina na kwao. Nawe unajua mtoto aliyelelewa akiulizwa kwao anajibu nini. Kila mmoja alisimama akataja kwa baba yake, na ukoo wake juu. Huyu Maswa, yule Kasulu, mwingine Sengerema. Mimi nilisimama kifua mbele nikasema ni wa Ushirombo, binti wa Pantaleo. Hata Ngusa, mwenye kilima, alisema kwao ni Magu!

Tulipomaliza, afisa akasema kwa upole kwamba ametusikia, na kwa vinywa vyetu wenyewe hapa hakuna mtu wa hapa. Aliuliza dhahabu ikiisha atakuwa amemjengea nani madarasa. Hakutudharau, Baba, aliuliza swali la haki. Tukatazamana. Adabu mliyotufundisha ndiyo ilikuwa inatunyima kijiji.

Nikaona akifungasha vitu vyake, nikamfikiria Vaileth barabarani. Nikasimama tena. Nikasema nilitaja nilikozaliwa kwa sababu ndivyo tunavyojibu, ila kwangu ni hapa. Wengine wakaguna. Ndipo Mzee Boaz, Mha mmoja anayesimamia duara kubwa, akaniambia pasipo ubaya kwamba kinywa hakilipiwi ushuru. Akaniuliza, siku nikifa, nitazikwa wapi.

Inabidi nikueleze, Baba, kwamba Kwa Ngusa hapakuwa na kaburi hata moja. Akifa mtu tunachanga, tunakodi gari, tunampeleka kwao. Ndiyo heshima yetu kubwa, hatujawahi kumwacha mtu. Kwa hiyo swali la Boaz lilikuwa zito, na kila mtu alilielewa.

Agnetha, hapa soma polepole.

Baba, nilijibu kwamba nitazikwa hapa. Nilinyoosha mkono kwenye mteremko ulio juu ya mwalo, mahali ambapo hapajachimbwa, nikasema pale. Nilisema mbele ya watu wote, na afisa akisikia. Karasha moja iliyosahauliwa ilisikika ikizunguka bure. Kisha Ngusa akasimama, akasema mteremko ule ni malisho yake na ameutoa. Chini yake kuwe na dhahabu au kusiwe, duara halitafunguliwa pale. Mzee Boaz akavua kofia, akasema basi na yeye wamlaze karibu na mpishi. Watu wakacheka, na wengine macho yakiwalenga machozi. Wakaanza kusimama tena mmoja mmoja. Safari hii walijibu lile swali la Boaz.

Juzi tumepata habari. Tumekubaliwa, Baba. Sisi ni kijiji, na mimi wamenichagua niingie katika halmashauri yake. Kiwanja cha shule kimeshapimwa.

Najua unavyoumia sasa hivi. Uliniambia nafasi yangu ipo kando ya Mama, na uliipalilia kwa mikono yako. Siku ile niliporudi nyumbani kwangu nililia, kwa sababu nimemwacha Mama peke yake upande ule. Nakusikia pia ukisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini marehemu Mama yangu, Martina, alinisimulia jinsi ndugu zako walivyokuja kutoka kwenu Kishapu kukutaka uahidi kwamba utarudishwa ulale na Babu. Uliwajibu kuwa mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na pale ulipolima pori kwa jembe lako ndipo utakapolala. Waliondoka bila kuonja ugali. Mama alikuwa akiisimulia habari hiyo kwa majivuno makubwa, na mimi niliipata kwake pamoja na maziwa.

Siku ya kuzindua kijiji nakuomba uje. Wageni watasimama na kutaja kwao. Wewe taja Shinyanga, nami nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi. Ukiona huwezi kuja, nitumie baraka yako kwa neno moja tu, lile unaloniita, mayu, yaani mama, nitajua hujanikasirikia.

Ile nafasi kando ya Mama usimpe mtu. Panda maua. Nikija kumwona nitayapalilia, na nitapiga hodi kwanza, kama inavyompasa mgeni.

Vaileth anakuamkia, anasema umwekee muwa. Nisalimie Agnetha na wanawe, na majirani wote wa pale barabarani. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Coletha binti Pantaleo,
wa Kwa Ngusa.