Kuni za Eilert

Tuva uko wapi? Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Yule mteja wangu wa Hamar, Bi Borghild, mjane. Si nilikwambia anataka nimpambie sebule kwa mtindo wa Kijapani na Kinorwe, kuta tupu, mkeka, na jiko jeusi la kuni, basi? Leo ndiyo nilikuwa namkabidhi.

Nikataka akiingia akute moto unawaka. Kwenye banda la nyuma kulikuwa na kuni chache zimepangwa vizuri mno, kama vitabu. Nikazitia zote, Tuva. ZOTE.

Akaja, akatabasamu. Halafu tabasamu likakatika. "Kuni umezitoa wapi?"

Nikasema bandani.

"Zile zilizoandikwa mwaka kwa penseli?"

Nikatazama jiko; zote zinawaka.

"Za mwisho alizopasua marehemu mume wangu, Eilert. Mimi nawasha za dukani ili hizo nisiziguse."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kulia, eti mimi ndiye nalia! Yeye akavuta kigoda, akakaa mbele ya jiko, akanyoosha mikono.

Mwisho akaniambia taratibu, bila hata kugeuka: "Sogea kidogo, mwanangu. Unanizibia joto lake."