Joka Lilimshinda Mchawi

Marahaba, mjukuu wangu Saumu.

Tangu nirudi kwetu Munje kutoka bara, dada yangu Mishi alikuwa akinikirimu kama mgeni, nami nikiumia moyoni. Kumbe dawa ni kile kitabu cha majoka ulichonipa. Jana alikimaliza, nami nikamsifu yule kijana mchawi aliyemo, aliyechukua upanga wa joka.

"Shujaa gani huingia nyumba ya watu bila hodi, akachukua upanga?" akafoka. "Joka lilikuwa limejilalia kwake!"

"Lakini aliuokoa ufalme, dada."

"Bara imekuharibu akili, Juma! Hebu kaa ukune nazi, labda akili zitakurudia."

Nilikuna huku nikibisha mpaka tui likatosha wali na samaki. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo. Mola akupe nawe wa kubishana naye.

Babu yako