Dumu Limeposwa

Moza shika simu! Nimeaibika leo, we acha tu.

Nilikuwa najaribu ile kofia ya shujaa wa katuni, ya kufunika uso mzima, ya shindano la mavazi la Jumamosi. Nilikata dumu la mafuta ya kula, nikalipaka rangi ya dhahabu, masikio nikayachonga kutoka kwenye kandambili nikayabandika kwa supaglu. Na haraka zangu nikaivaa gundi ikiwa bado mbichi. Ikakamata rasta!

Navuta, haitoki. Mara hodi. Washenga wa Suhaib wa Mkuyuni! Si walisema kesho?

Mama akanitupia mtandio juu ya dumu, akanishikisha sinia la juisi. "Nenda kawasalimie."

Moza, nimetoa shikamoo kutoka ndani ya dumu. Sauti kama niko kisimani.

Mzee mmoja akasema, "Mashaallah, binti anajistiri, hata macho hatuyaoni." Mwenzake akadakia, "Na hana maneno mengi."

Mimi! Hana maneno mengi!

Eti wameridhika. Uso hawajauona, jina langu hawajaliuliza, wameridhika!

Sasa hivi Mama ananikata rasta. Dumu likitoka nalipeleka Mkuyuni na mtandio wake. Ndilo waliloliposa.