Hasira Zilizokaa Tumboni

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Hujambo huko kambini kwenye machimbo? Mgongo unaendeleaje, na vumbi la kokoto bado linakukohoza? Kila nikisali nakutaja, kisha namwomba Mungu akukumbushe kufunga kitambaa puani, maana wewe kukumbuka mwenyewe ni kazi. Sisi huku wazima. Nikisema wazima safari hii simalizi tu salamu, nimepona kweli.

Uliniacha naharisha. Ilianza na lile jino, si unakumbuka? Zile dawa kali nilizopewa ziliua vijidudu vya jino, zikaendelea kuua hata visivyohusika. Nilikonda mpaka gauni la ibada nikalipunguza kwa mkono wangu mara mbili. Lakini bora kuharisha. Kilichonitisha ni hasira. Unanijua, mimi ndiye niliyekuwa napatanisha wagomvi pale tunaposhona sare. Nikageuka mtu wa kufoka. Siku moja binti wa vifungo, yule anayetushonea vifungo vya sare, alikosea mkono mmoja wa koti, nikamrushia mkasi. Haukumpata, Mungu mkubwa. Ila niliposikia sauti yangu, mdogo wangu, nilimsikia baba.

Nilijifungia stoo ya vitambaa nikalia. Nikakumbuka ulivyoniambia stendi siku ya kuondoka, mkeo amesimama palepale anasikia: kwamba hasira ya baba imo kwenye damu yetu, kwamba hutaleta duniani mtoto wa kujificha chini ya meza kama tulivyojificha sisi, na kama mkeo anataka mtoto, basi atafute mwanamume mwingine. Siku ile nilikubishia hadi gari likaondoka. Kule stoo nikaona kumbe umesema kweli.

Hospitali nilikutana na daktari, mama mfupi mcheshi. Alisema tumboni mwa mtu mna vijidudu chungu nzima, na vingi ni vyema. Vyangu vyema vimekwisha. Kuhusu tiba yake, tafadhali usicheke. Wanachukua choo cha mtu mwenye afya, wanakichuja, wanakisafisha, wanakitia kwenye vidonge, unameza. Nilikwenda kwa kiongozi wetu wa ibada kumwuliza kama si najisi. Alishika ndevu, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Akasema kama ni ya kuokoa uhai nimeze, ila nisiwasimulie waumini wenzangu karibu na saa ya kula.

Ikabaki kumpata wa kutoa. Wa kwanza kujitolea alikuwa wifi yangu, mkeo, ambaye tangu uondoke anakaa kwangu na ndiye aliyeniuguza. Walimpima kila kitu, wakamrudisha. Sababu naijia. Aliyefaa ni mume wa binti yangu, yule niliyempachika jina la Bwana Kelele kwa vile anacheka hata akisoma bei ya sabuni. Mkwe wangu, jamani! Mtu ambaye akiingia nafunika kichwa na kurekebisha sauti! Baada ya vile vidonge tulikwepana macho kama wadaiwa. Mwisho yeye ndiye aliyeanza: alinisogezea kiti, akasema kwa adabu zote kwamba sasa mimi naye ni damu moja, au kitu cha karibu na hapo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Muda mrefu nilikuwa sijacheka.

Tumbo lilitulia haraka, hasira ikafuata polepole. Juzi binti wa vifungo aliharibu kola nzima, nikajikuta namwambia tufumue tuanze upya. Aliniangalia kama mtu anayengoja radi.

Basi nikamweleza daktari habari ya damu yetu. Alisema dawa ni ya tumbo, kutuliza hasira hakuniahidi. Ila vijidudu hivyo hutoa vitu vinavyofika hadi ubongoni. Na urithi wenyewe, alisema, haubadiliki ovyo, ila juu yake kuna alama ndogondogo zinazowasha hili na kuzima lile. Chakula, maradhi, mashaka, hata vijidudu vya tumboni vinaweza kuziweka au kuziondoa. Mimi nikaelewa kifundi: kitambaa ni kilekile, mikunjo ndiyo inayobadilika. Akanisimulia kuwa watafiti waliwahi kuvuruga matumbo ya panya dume kwa dawa, panya wakazaa watoto dhaifu. Walipoyaacha matumbo yapone kwanza, watoto waliofuata wakazaliwa wazima. Alinionya kwamba hao ni panya, kwa binadamu bado wanachunguza. Lakini kwamba mtu anahukumiwa na baba yake kabla hajazaliwa, hilo alilikataa kabisa.

Njiani kurudi nikamfikiria baba. Unakumbuka alivyokuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, ameshika tumbo kwa mikono miwili? Sisi tuliitazama mikono tu, ikiachia tukimbie. Hatukuuliza hata siku moja tumbo lina nini. Simtetei, na daktari hawezi kumpima aliyekwisha zikwa. Ila usiku huo nilimwombea bila kusaga meno.

Sasa ile sababu. Vuta pumzi. Wifi alirudishwa kwa kuwa mjamzito haruhusiwi kutoa. Ndivyo alivyojua, mbele ya daktari. Yeye alidhani ni uchovu wa kunifulia mashuka. Mimba aliibeba kabla hujapanda gari, na ndiyo maana barua zake zimekuwa fupi. Maneno yako ya stendi yangali masikioni mwake. Ameniapisha nisikwambie. Nimetubu kabla ya kushika kalamu, na nitatubu tena nikishabandika stempu. Mtoto ameanza kucheza. Jana wifi alinishika mkono akauweka tumboni mwake, kateke kakanigonga kiganjani.

Sikuiti nyumbani kwa ajili ya panya wa daktari. Nakuita kwa sababu nimekulea, na katika maisha yako yote sijakuona ukimwinulia mtu mkono. Aliyerusha mkasi ni mimi, siyo wewe. Wewe umekimbia jambo ambalo hujalifanya. Nami niliyelifanya, binti wa vifungo amenisamehe, na kila asubuhi tunakaa benchi moja.

Bwana Kelele anakusalimu, binti yangu pia. Wifi angekusalimu kama angejua naandika. Mungu akufunike na akulainishe moyo. Mkeo analala mapema siku hizi, lakini akisikia mlango hukaa kitandani kusikiliza ni nani. Naomba unijibu upesi.

Ni mimi dada yako,
Fundi