Soya iliyoshinda viwavi

Mama mupenzi,

Nimefika Élisabethville, nimemukuta mume wangu Kaleba shambani. Ameoanisha soya inayozaa sana na soya ya mbali yenye majani ya manyoya, ua kwa ua, akaapa harudi kwetu Kilwa kando ya ziwa mpaka aone kama batoto ya soya hizo mbili itashinda viwavi.

Juzi viwavi viliingia. Soya ya kawaida ilibaki vijiti. Kaleba akakaa chini. Nikaenda mwenyewe kupekua majani upande wa pili, alipopanda ile batoto.

"Kaleba, kuya! Batoto ya ile ndoa iko bazima!"

Viwavi vilikwama kwenye manyoya, vikaanguka. Tulicheza matopeni, Mzungu mwenye shamba akapiga makofi. Jioni Kaleba alimega bukari ya unga wa mahindi kwa sombe ya majani ya muhogo mpaka akasinzia.

Mama, tafuta samaki mukubwa. Tunakuja wawili.

Binti yako, Monika