Koni ya Upande wa Kushoto

Jamhuri Estate, Nyumba Na. 86,
Nairobi.
9 Novemba 2025

Mpendwa Mjomba Twahir,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Muscat, wewe na Mkaza mjomba Mahfudha na watoto wote. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia daktari amekukataza ngazi, nami namjua mjomba wangu, utakuwa unazipanda mbili mbili ili umwoneshe. Tafadhali msikilize. Sisi hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimekuja kwa fujo mwaka huu. Mbele ya nyumba pamekuwa ziwa, na kaka Faizan huvuka juu ya matofali kila asubuhi akienda kazini, viatu mkononi.

Najua umeshangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Ni kwamba nilikudanganya, Mjomba. Nimejaribu mara mbili kukuambia kwa simu, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza habari za joto.

Mwezi wa Machi, siku ya tatu baada ya ajali yangu kule Afrika Kusini, ulinipigia. Uliniuliza kama kichwa kinaniuma, nikasema la. Ukaniuliza kama naona vizuri. Nikakujibu kwamba niko mzima kabisa, nikacheka ili uniamini. Saa ile nilikuwa nimelala nikiitazama taa moja ya chumbani, na nilikuwa naiona mbili.

Ajali yenyewe uliiona kwenye video, lakini mweleze Mkaza mjomba, maana nasikia alifikiri nilipinduka kwa kukimbia mno. Magari yetu ni ya kiti kimoja na magurudumu yake yako nje, hayana kifuniko. Gurudumu lako likipanda la mwenzako, gari hupaa. Mvua ilikuwa inanyesha, wa mbele yangu akafunga breki mapema, gurudumu langu likapanda lake. Niliona mbingu, kisha ukuta wa matairi. Mikono na miguu haikudhurika. Kichwa ndicho kilichopigwa, na mshipa wa fahamu wa jicho la kushoto ukalegea. Kila jicho peke yake liliona sawa. Shida ilikuja nikitazama kushoto kwa yote mawili: kila kitu kilikuwa pacha.

Daktari wa uwanjani alinipima jicho moja baada ya jingine, nikazisoma herufi zote. Akaniuliza kama naona vitu viwili viwili. Nikasema hapana. Huu ulikuwa msimu wangu wa kwanza kuajiriwa kama dereva hasa, baada ya miaka kumi na mmoja tangu nilipoanza na vile vigari vidogo vya gokati, na nilikuwa wa pili kwenye msimamo. Nilijiambia yatapita yenyewe.

Nikarudi nyumbani kupumzika kabla ya mbio za mwezi wa Mei. Nikienda mjini niligongana na watu, wote wa upande wa kushoto, nikasingizia msongamano.

Aliyenibaini ni Fundi Tarsem. Unamkumbuka, yule mzee Singasinga wa gereji nyuma ya Kenyatta Market, aliyenifundisha kubadilisha plagi kabla sijajua kuendesha. Siku moja alinipeleka kwenye ule uwanja wa wazi upande wa Jamhuri Park tunakofanyia mazoezi ya gokati. Akapanga koni za barabarani mbili mbili, akaniambia nipite katikati. Nikagonga ya kushoto. Nikarudia, nikagonga ya kushoto. Mara ya tatu vivyo hivyo. Hakunifokea. Alikuja akachutama kando yangu, akaniambia nikifuate kidole chake kwa macho. Akakipeleka kushoto polepole, akaona jicho moja linafuata na jingine limebaki njiani.

“Ukijiumiza mwenyewe, hiyo ni yako na Mungu,” akasema. “Lakini huko kushoto kwako kuna mtoto wa mtu, na yeye hajui.”

Nilimsihi asimwambie yeyote. Akasema hatamwambia, simu ya kuiambia timu ni yangu mimi kupiga, kisha akainuka kwenda kukusanya koni zake.

Nilikaa siku mbili na neno lile. Nilijaribu kumkasirikia, nikashindwa. Siku ya tatu nilimwambia Mama. Nilidhani atafurahi, kwa kuwa tangu nianze mbio hajatazama hata moja. Hukaa na tasbihi chumbani mpaka Faizan aje kumwambia nimemaliza. Hakufurahi. Aliniuliza daktari mzuri wa macho yuko wapi, akaenda kubadili viatu.

Kabla hatujatoka, nikampigia meneja wa timu, nikamweleza yote pamoja na uongo niliomwambia daktari. Akanishukuru, akasema gari haliwezi kunisubiri. Wiki ile ile kiti changu akapewa kijana anayeitwa Ryan. Nililia, Mjomba, sitakuficha. Nililia ndani ya teksi, na Mama akanishika mkono mpaka tukafika mjini.

Daktari Wahu yuko ghorofa ya tatu, karibu na bustani ya Jeevanjee. Alisema mshipa kama ule huweza kurudi wenyewe ndani ya miezi sita, na huweza usirudi. Akanikataza kuendesha chochote, hata kile kigari cha Mama. Akanipa miwani maalumu na mazoezi ya kufuata kalamu. Kalamu aliishika Mama. Kila asubuhi baada ya chai, dakika kumi na tano, aliipeleka kushoto na kuniuliza, “Ngapi?” Mei nilijibu mbili. Juni mbili. Julai nilianza kuchoka kujibu.

Katika miezi hiyo Ryan alinipigia. Hatukuwa tunajuana. Aliniuliza ile kona ya tatu ya uwanja wa Durban naiingiaje, maana gari langu linamtupa nje kila mara. Nilitaka kumwambia atafute mwenyewe. Mwisho nikamweleza kila kitu, wapi aachie breki na wapi avumilie. Akamaliza wa tatu. Nilifurahi kidogo, na niliumia zaidi ya kidogo.

Tarehe kumi na nne Agosti, Mama alipeleka kalamu mpaka karibu na sikio langu la kushoto, akauliza. Nikamwambia moja. Hakuniamini, akaificha nyuma ya mgongo, akairudisha mara nne.

Daktari Wahu alinipima kwa saa mbili kabla ya kuniandikia barua kwamba jicho limepona na naruhusiwa kuendesha. Niliituma kwa meneja bila kuomba lolote. Baada ya wiki akanijibu kwamba timu inaongeza gari la pili kwa mbio za mwisho, na kwamba ni langu. Alisema dereva aliyempigia kumwambia jambo la kujiharibia, huyo atamwamini siku akimwambia gari lina kasoro.

Mbio zilikuwa tarehe kumi na tisa Oktoba. Nilianza wa kumi na mbili. Kona ya kwanza ni ya kushoto, na hofu niliyokuwa nayo sijawahi kuijua. Nikatazama kushoto, nikaona gari moja. Moja tu, Mjomba. Kuanzia hapo nikaendesha. Nilimaliza wa tano, na siku ya pili meneja akanipa mkataba wa msimu ujao wote.

Nyumbani, Faizan anasema, Mama hakwenda chumbani siku ile. Alijifunga buibui akaenda kwa miguu mpaka gereji ya Fundi Tarsem, ambako waliweka televisheni. Shiko, yule msusi wangu wa pale sokoni, alimletea kiti cha saluni. Alikaa mbele kabisa, na kwa raundi zote ishirini hakuinuka.

Nilipovua helmeti nikampigia. Nilitarajia dua, au kilio. Akasema kwa sauti ya kunisuta:

“Yule wa gari jekundu, mbona hukumpita?”

Mjomba, unisamehe kwa uongo wa Machi. Msimu utaanza mwezi wa pili, na goti likikuruhusu, njoo.

Nisalimie sana Mkaza mjomba Mahfudha na wadogo zangu wote, usimsahau Bibi Kijakazi. Mama na Faizan wanakusalimu, na Fundi Tarsem anasema ukija ulete ile halua. Mungu akulinde, akupe nguvu ya miguu na umri wenye heri.

Mpwa wako akupendaye sana,

Mahira